Mbingu Isiyo na Nguzo

Dada yake kiongozi wa sala alikuwa seremala, na bondeni kwao hapakuwa na mlango ambao hakuutengeneza yeye au marehemu baba yake. Walimwita Bibi Randa. Bonde lilizungukwa na milima ya mawe matupu, na njia ya kutokea ilikuwa moja tu, ufa mwembamba ambao mvua ziliufunga miezi mitano kila mwaka. Watu walizaliwa humo, wakaoana humo, wakazikwa humo. Waliposali walisema, "Wewe uliyeitandaza mbingu juu ya nguzo zako," na nguzo zenyewe hata mtoto angekuonyesha kwa kidole: vile vilele vinne. Mungu alikuwa ameezeka pale. Walioishi nje ya nguzo walikuwa kama kuku waliolala nje ya banda.

Ndiyo maana mtoto wa jicho alipomwingia Bibi Randa, macho yote mawili, hakuna aliyemtajia hospitali. Akawa anapima mbao kwa vidole. Siku alipojitoboa kiganja kwa patasi, alilifunga jeraha, akaenda kwa kaka yake.

"Kaka, mimi natoka. Kama Mungu yuko huku tu, basi atanisubiri nirudi."

Kaka mtu alimfungia chakula cha njiani, na kwa tabia yake, hilo lilikuwa jibu refu.

Bibi Randa alivuka ufa ameshikwa mkono na mwuza chumvi, mbele yake ukungu mtupu. Hospitalini walimpasua jicho moja kwanza. Asubuhi ya pili muuguzi alimfungua bandeji, akampandisha hadi kibaraza cha ghorofa ya tatu.

"Tazama mbali, mama. Unaona nini?"

Bibi Randa akatazama. Nchi ilikuwa bapa kama ubao uliopigwa randa. Ilikwenda, ikaendelea kwenda, hadi ikawa mstari mwembamba wa buluu, na hapo mbingu ikashuka yenyewe, haijaegemea chochote. Chini barabarani watu walitembea, mmoja akila muhogo, mwingine akigombana na punda, wala hakuna aliyeinua kichwa kuangalia kama itaanguka. Bibi Randa akaketi sakafuni, amekumbatia nguzo ya kibaraza.

"Unasikia kizunguzungu?" muuguzi akauliza.

"Mwanangu, hii imeshikiliwa na nini?"

Muuguzi alitazama juu kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake akalisahau. "Sijui, mama. Sijawahi kuuliza."

Bibi Randa alikaa pale mpaka chai ikapoa. Machozi yalimtoka, daktari akadhani ni dawa. Baadaye akasema taratibu, "Basi huku Mungu anaishika kwa mkono."

Aliporudi bondeni wanawake walimpokea kwa utani. "Bibi, mtoto wa jicho umejifungua salama?" Akacheka nao. Lakini siku ya sala, alipoeleza alichokiona, kicheko kilikatika. Mzee mmoja akasimama: "Jicho limepona, kichwa ndicho kimeugua!" Baadhi walitoka nje. Wawili waliokuwa wameagiza milango kwake wakaghairi.

Juma moja baadaye kaka yake akaja karakanani, akakanyaga vumbi la mbao, akasema, "Nipeleke."

Alikuwa na miaka sitini na nane. Walitembea kutwa kucha. Kule ufa unapofungukia tambarare, akasimama. Dada yake aliyajua majibu yote ya uso ule tangu utotoni, lakini hili hakuwahi kuliona. Kaka alivua viatu. Akageuka mashariki, akageuka magharibi, akazunguka mzima kama mtu aliyepoteza mlango.

"Nisali nikielekea wapi?" aliuliza.

"Hata mimi sijui, Kaka. Mimi nilikaa chini tu."

Naye akaketi. Wakakaa bega kwa bega mchana ule wote, wakitazama.

Kaka hakubadilisha sala; alisema maneno ya mababu hayang'olewi kama msumari. Ila aliwatangazia watu kwamba anayetoka kutafuta tiba hajatoka mikononi mwa Mungu. Kiangazi kile wanane wenye macho mabovu waliuvuka ufa, na Bibi Randa, ambaye alikuwa na jicho la pili la kupasuliwa, ndiye aliyewatangulia njiani.