Soda ya Baba

Lori la baba lilinuka tangawizi na soda ya machungwa. Tangawizi ilitoka kwenye magunia aliyopakia kwetu Myamba na kuyashusha Same mjini. Soda ilitoka kwenye chupa alizokunywa akiendesha, matone yakadondokea kiti miaka mingi mpaka kitambaa kikawa kinanata. Baba alitoka alfajiri bila kula. Kusimama kwenye mgahawa kulimchelewesha, kwa hiyo chakula chake cha mchana kilikuwa soda na pakiti ya biskuti, na wakati wa kupandisha mlima jioni alikunywa nyingine ili asisinzie kwenye kona. Chupa isiyokwisha alituletea. Dada yangu Nakijwa, mimi na mdogo wetu Yohana tulipokezana, kila mmoja funda moja, tukiwahesabu watoto wa jirani kuwa maskini kwa kuwa baba zao walirudi na majembe tu.

Kiangazi kile, nilipokuwa darasa la nne, baba alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Alikonda huku akila vizuri. Kisha jeki ikamwangukia mguuni, na kidonda ambacho tulidhani kingepona baada ya siku chache kikaendelea kuchimba. Mama alikifunga majani, akakiosha kwa maji ya chumvi, mwisho akasema, "Baba Nakijwa, kesho tunashuka hospitali." Baba alirudi baada ya majuma kadhaa akiwa na gongo, mguu wa kushoto umebaki na vidole viwili.

"Ni sukari," mama alituambia. Yohana, ambaye hakuwa ameanza shule, alichukua kopo la sukari jikoni akaenda kulifukia kwenye migomba ili lisimdhuru baba tena. Tulicheka, hata baba alicheka, ndiyo mara ya kwanza tangu arudi.

Mama alikuwa amemuuliza daktari kama ni soda. Daktari hakumpa jibu jepesi. Alisema ugonjwa ule una mambo mengi: ukoo, kukaa kitini mchana kutwa, uzito, umri. Lakini alisema pia kwamba soda kila siku kwa miaka yote ile haikuwa kitu kidogo, na kwamba kuanzia hapo lazima iachwe. Mama alishika hilo la mwisho. Nyumbani tukala makande, mnavu na maharage, na baba akapimiwa ugali kwa bakuli. Alinung'unika. Kukatazwa chakula na mkewe kulimuuma kuliko mguu, nadhani, kwa sababu lori nalo lilikuwa limeshapewa dereva mwingine, na alishinda barazani akilisikiliza likipita.

Ndipo ukafika mwezi wa kipaimara cha Nakijwa. Mama alitangaza mapema kwamba wageni watakunywa maji na chai ya tangawizi. Asubuhi ya sherehe kaka yake baba, ambaye tulimwita baba mkubwa, alifika kutoka Bendera na pikapu iliyojaa kreti za soda. Alikuwa mtu mkarimu na alijivunia zawadi ile.

"Shemeji," alimwambia mama, "watu watoke kanisani waje wanywe maji? Watasema mdogo wangu amefilisika."

"Waseme," mama alijibu. "Akinywa, ni mimi nitakayemuuguza."

Baba mkubwa hakubishana naye zaidi. Wageni walipokaa, alifungua soda ya machungwa, akaipeleka mwenyewe mpaka mkononi mwa baba, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye huanza. Baba aliipokea. Mama alisimama na birika, na nilimwona Nakijwa, katika gauni lake jeupe, anaanza kulia. Baba aliitazama ile chupa muda mrefu. Nilijua anaitaka, maana koo lake lilikuwa linacheza. Kisha akaiweka chini, akavua ndala, akainua mguu wake mbele ya watu wote.

"Kaka," alisema polepole, "unataka na hivi viwili?"

Baba mkubwa alifunika uso kwa kofia. Baadaye alichukua birika mikononi mwa mama, akazunguka akiwamiminia wageni chai. Wapo walionung'unika. Sisi watoto tulikwenda nyuma ya pikapu tukafungua soda zetu kwa meno, na sitadanganya, zilikuwa tamu.

Baba hakuendesha tena. Alilima tangawizi, akaishi kuniona naolewa, halafu figo zikamchosha mpaka akafariki. Baba mkubwa amepita miaka themanini, anakunywa soda kila mlo, na kila akipimwa huambiwa yuko salama. Nimeacha kutafuta haki katika hilo. Ila mtu mmoja aliyevuka salama hawezi kunifanya niwapeleke wanangu njia ileile.

Sasa naishi Same. Wakati ule soda ilipanda Myamba kwa lori, ikawa ya mgonjwa, mgeni au sikukuu. Leo kila kibanda kina friji, na watoto wanakwenda shule na soda ya plastiki na pakiti ya vitafunio vya chumvi badala ya kiporo. Kwa kuwa ugonjwa huu uko katika ukoo wetu, kila mwaka nakwenda kliniki ya sukari kupima. Baba alipougua, kijijini hatukumjua mwingine mwenye maradhi yale. Siku hizi kwenye benchi nakuta niliosoma nao. Juzi alifika kijana mwenye begi la shule, akasimama mlangoni kama aliyekosea chumba.

"Shikamoo, mama. Hapa ndipo kwa wagonjwa wa sukari?"

"Marahaba," nilimjibu. Nikasogea, akaketi.