Duka la Vitabu Lililoota Ukungu

Kisangani iliwahi kuwa na duka zuri la vitabu, na mimi nililiacha lioze. Nasema mapema, ili asiyependa watu wenye kinyongo aishie hapa.

Rafu zake zilikuwa za mbao nyekundu, zimepigwa msasa hadi zikang'aa, na dirisha kubwa la kioo lilitazama barabara. Jumamosi, nikishamaliza kuuza pondu, majani ya muhogo, sokoni Mangobo, nilinawa mikono vizuri na kwenda kuzunguka humo. Nilianzia nyuma kabisa, kwenye vitabu ambavyo hakuna aliyeviulizia. Nilichomoa kimoja, nikakinusa, nikasoma ukurasa wowote, nikakirudisha. Sikuwa natafuta kitu. Raha yenyewe ndiyo hiyo, kuingia bila haja na kutoka na sentensi moja ya kutembea nayo hadi Jumamosi nyingine.

Kisha riwaya moja ikaniteka. Ilimhusu mjane aliyefukuzwa kwenye nyumba ya marehemu mumewe, akaapa kurudi. Niliisoma nimesimama, kidogo kidogo, kwa miezi. Ilikuwa imebaki sura ya mwisho tu siku mwenye duka, mzee mmoja wa mashati ya kupigwa pasi tuliyemwita tonton, yaani mjomba, aliponipokonya mbele ya wateja.

«Mama, hapa haiko bibliothèque ya kusoma bure. Na ile mikono ya pondu unagusa kitabu? Hapa tunaangalia na macho tu.»

Watu walicheka. Nilitoka na hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka sasa.

Wiki iliyofuata alikuwa amevifunga vitabu vyote kwa nailoni, akaziba kingo kwa moto wa mshumaa, kama zinavyofungwa karanga za kuuza. Riwaya yangu akaiweka dirishani. Lakini mvua zilikuwa zimekolea, karatasi zilikuwa na unyevu, naye aliufungia unyevu huo ndani.

Nilipita kila Jumamosi. Kwanza niliona vidoti vya kijivu kwenye jalada la riwaya, kisha vya kijani, kisha vikaenea kwa majirani zake. Yeye alikaa kaunta, mgongo kwa dirisha, akilinda vitabu visiguswe. Ningeweza kugonga kioo. Neno moja lingetosha. Nilisimama, nikaangalia mpaka nikashiba, nikaenda zangu.

Siku alipogundua, alivitoa vyote na kuvirundika kando ya barabara. Harufu ilifika upande wa pili. Aliponiona aliniita.

«Mama, we unapitaka hapa kila samedi. Ulikuwa unaona?»

«Nilikuwa naona, tonton. Nilikuwa naangalia na macho tu.»

Utamu wa kumrudishia neno lake siwezi kuueleza. Kisha aliinama kwenye rundo, akatafuta, akatoa ile riwaya na kunipa.

«Beba. Nilijua ilibakia kidogo umalize.»

Nyumbani nilichana nailoni. Sura ya mwisho ilikuwa imegandana. Nilijaribu wembe, nikajaribu mvuke wa sufuria, na maneno yalibanduka pamoja na karatasi.

Sasa pale wanauza simu. Jumamosi zangu sina pa kuzunguka, na sijui kama mjane alirudi nyumbani kwake. Tonton tunapishana njiani mara kwa mara. Bado simsalimii.