Rimoti ziligoma bandarini, fundi akasomewa halbadiri

Saa tatu asubuhi stendi ya Kilwa Masoko imeshachangamka, na Mudathiri Mnali ameinamia rimoti ya gari iliyopasuliwa vipande viwili juu ya meza yake ya mbao. Analehemu kijiwaya chembamba, uso ameusogeza mpaka pua inakaribia kuungua. Hana namna. Jicho la kushoto limekufa, la kulia linafanya kazi ya mawili.

Mwenye rimoti ni Modesti, dereva wa pikapu aliyeshusha korosho kutoka Nachingwea. Tangu alfajiri hajatia kitu tumboni. "Fundi, nakuachia na funguo kabisa," anasema. "Nikanywe chai, nikirudi nikute tayari."

Hajafika hata barabarani, kijana wa bodaboda anamwita. Wala hanong'oni. "Bro, huyo usimwachie funguo. Uliza mtu yeyote hapa mjini."

Modesti anarudi. Haulizi kitu. Anavuta kigoda, anakaa, mkono juu ya funguo zake, na habari ya chai imeisha. Mudathiri hanyanyui uso.

"Ndiyo maisha yangu hayo," anasema baadaye, pikapu ikiwa imeshaondoka, imejifunga na kujifungua vizuri tu. "Zamani mtu ananirushia funguo kutoka barabarani, 'Fundi, hebu iangalie hiyo!' anapanda boti anakwenda zake Songo Songo, hana wasiwasi. Leo wananisimamia kichwani kama askari na mahabusu."

Zamani hiyo wala si ya mbali. Mudathiri ana miaka arobaini na mitatu. Umeme wa magari alijifunza Dar es Salaam, akarudi kwao wakati magari ya mtumba yenye rimoti na alamu yalipoanza kujaa Kilwa, akawa ndiye fundi wa vitu hivyo mji mzima. Kwa siku hakukosa shilingi elfu arobaini. Siku hizi akipata elfu nane anaona siku imekwenda.

Mambo yaliharibikia bandarini mwaka jana. Pale watu huegesha magari wakapanda boti, na ghafla rimoti zikaanza kugoma. Mtu anabonyeza, gari kimya. Mara nyingine linapiga honi lenyewe mchana kutwa mpaka betri inakata. Wote wakamkimbilia Mudathiri. Akabadilisha betri ya rimoti, akaijaribu palepale stendi, ikakubali. Mwenye gari akifika bandarini, imegoma tena.

"Nilifungua, nikafunga, nikafungua tena, ubovu siuoni," anasema. "Nikajua betri za siku hizi feki. Nikawa nabadilisha tu, na wao wanalipa tu."

Hapo ndipo midomo ilipoanza. Mbona kwa fundi zinakubali, kwingine zinakataa? Ikapita kauli kwamba anazitega ili wateja warudi. Kisha vitu vikaanza kupotea ndani ya magari pale bandarini. Leo simu, kesho spika, na mwisho mkoba wa Shaaban, mnunuzi wa pweza, wenye fedha za kuwalipa wavuvi. Kioo hakikuvunjwa, kitasa hakikuguswa. Nani mjini anaweza kufungua gari bila kulivunja? Basi, jumba bovu likamwangukia Mudathiri.

Polisi walimhoji, wakapekua nyumba yake mpaka kwenye mapipa ya unga, hawakukuta kitu, wakamwachia. Wenye magari hawakuridhika. Wakataka isomwe halbadiri, kisomo kile cha kumshitaki mwizi asiyejulikana kwa Mola ili balaa limpate popote alipo. Imamu wa mtaa alikataa. Wakatafuta ustadhi kutoka nje ya mji, wakakodi gari la matangazo, likazunguka mitaani na kipaza sauti likimtaka aliyechukua arudishe kabla ya Ijumaa. Jina halikutajwa. Lakini lilipofika nyumbani kwa Mudathiri lilisimama, likatangaza mara mbili.

"Nilimwambia, Baba Nasra, usiende huko uwanjani kwenye kisomo," anakumbuka mkewe, Hafsa. "Akasema nisipokwenda watasema nimeogopa. Akavaa kanzu yake ya Idi, akakaa safu ya mbele, akaitikia amina kuwashinda wote. Alikuwa na raha kabisa. Alijua hana chao."

Haikupita wiki, betri ya lori aliyokuwa akiiunganisha na chaja ikamlipukia usoni. Asidi ikaingia jichoni.

Fundi yeyote wa magari atakwambia betri hulipuka. Cheche moja inatosha. Wapo waliokatika vidole, wapo waliochubuka nyuso, na hakuna aliyewasomea chochote. Lakini mji haukutaka kusikia habari za cheche. Mji ulikuwa na jibu lake tayari, tena mji ulifurahi, tusidanganyane, maana kila aliyekuwa akimsema sasa alijiona amethibitishwa na Mungu mwenyewe.

"Nimelala, macho yote yamefungwa bandeji, nasikia tu," anasema Mudathiri. "Watu wanakuja kunipa pole. Wakitoka hata mlangoni hawajafika, 'Imemshika.' Wanadhani bandeji imeziba na masikio."

Kisha akaja mama yake mzazi, Bi Batuli, akakaa kitandani.

"Akanishika mkono. Akaniambia, 'Mwanangu, kama ulichukua, rudisha. Mungu ni mwingi wa rehema.'" Mudathiri anageuza pasi ya kulehemu ambayo haina haja ya kugeuzwa. "Asidi iliniuma, sikatai. Lakini ile, loo. Ile imekaa hapa mpaka leo."

Ukweli ulikuja ukiwa umechelewa. Malalamiko ya alamu yalipofika mbali, waliletwa mafundi wa mawasiliano. Mmoja wao, Erasmo, alizunguka bandari nzima na antena mkononi mpaka akasimama kwenye geti la ghala moja la barafu. Palikuwa na kengele ya geti isiyotumia waya, ya bei chee, kitufe chake kimenasa kwa chumvi na kutu. Ndani haikuwa ikilia tena, lakini mawimbi ilikuwa ikiyarusha usiku na mchana.

"Rimoti inaongea na gari kwa mawimbi ya redio," anaeleza Erasmo. "Ile kengele ilikuwa inapiga kelele kwenye njia hiyohiyo. Ukibonyeza, gari halikusikii. Wewe unaondoka ukijua umefunga, kumbe mlango uko wazi."

Ndiyo hivyo tu! Magari hayakuwahi kufungwa. Mwizi, yeyote yule, alivuta mlango kama anaingia chumbani kwake. Kengele iling'olewa, na jioni ileile rimoti za bandarini zikaitika zote. Watu wakacheka, wakapanda magari yao, wakaenda zao. Hakuna gari la matangazo lililopita safari hiyo. Hakuna aliyekwenda kwa Mudathiri kusema kaka, tulikukosea.

Shaaban anakutwa kwenye mizani yake ya pweza. Ni mtu mpole wa maneno, anakaribisha wageni kwa soda. Habari za kengele anazo.

"Sawa, kengele nimeambiwa," anasema. "Sasa jicho je? Kengele ndiyo iliyomtoboa jicho?" Anafuta mikono kwenye kitambaa. "Kila mtu na Mola wake."

Hafsa amechoka. Vitumbua vyake, vilivyokuwa vikiisha kabla ya saa mbili, sasa vinalala. Kaka yake, Salumu, anaishi Mitwero, pembeni ya mji wa Lindi, na ameshamtafutia shemeji yake kibanda cha kufanyia kazi. Mudathiri hataki kusikia.

"Nikihama nimekiri," anasema. "Sihami ng'o."

Anachotaka ni halbadiri isomwe upya. Uwanja uleule, ustadhi yuleyule, kipaza sauti kilekile, na safari hii imshitaki aliyeiba pamoja na yeyote aliyemsingizia mwenzake. Ustadhi amekubali kwa sharti moja, kwamba wale walioshitaki mwanzo wawepo wote. Mudathiri akavaa viatu, akapita nyumba kwa nyumba kuwaalika.

Mmoja ana safari. Mwingine presha imempanda, daktari amemkataza mikusanyiko. Wa tatu alisema atajibu, na simu hapokei. Shaaban, aliyelipia lile gari la matangazo, alimpokea vizuri, akamwambia ameyaacha mambo hayo kwa sababu hayana msingi kwenye dini.

Mudathiri anacheka, kicheko kikavu. "Mwaka jana yalikuwa na msingi."

Ameshachagua siku, Ijumaa ya kwanza baada ya Maulidi, na amesema atatandika mikeka hata asipotokea mtu. Mpaka sasa aliyeahidi kuja ni mmoja tu, Bi Batuli.

"Nilifurahi sana," anasema Mudathiri. "Nikajua mama anakuja kunisimamia. Akaniambia, 'Nakuja kusikiliza, mwanangu. Sitaki kufa sijui.' Nikamwambia njoo, mama. Utakaa karibu yangu."