Feni Iliyoyumba Juu ya Mtoto Wangu

Nyeri hakuna mtu anayehitaji feni. Mwezi wa saba hapa Ruring'u tunavaa soksi mbili mbili. Lakini shemeji yangu anafanya kazi Mombasa, na Krismasi moja alimletea mamake feni ya dari, mpya, ndani ya boksi. Mama mkwe akaamua lazima ionekane. Binamu ya mume wangu akaifunga sebuleni juu ya kochi, na wanawake wa chama chake cha akiba wakawa wanaonyeshwa inavyozunguka huku wamejifunika mashuka.

Msimu wa baridi ulipofika nepi zikakataa kukauka. Basi akaipatia kazi. Ikiwa imezimwa, anaanika nepi mbichi juu ya mabawa yake kama kamba. Wiki chache tu, ikaanza kuyumba kila alipoiwasha kuwaonyesha wageni. Mwanzoni kidogo, kama mtu anayesinzia kanisani. Baadaye ikawa inagonga, tak, tak, tak, na unga mweupe unadondoka kutoka dari.

Chini ya huo unga alilala msichana wangu wa miezi mitano.

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Sikuwa na shida na jina. Shida ni kwamba mama mkwe alilichukua kama hati ya shamba. Mchana mtoto alilazwa kwenye kochi lake, mahali pake, na nikisema ahamishwe, jibu lilikuwa moja: "Huyo ni mimi. Na mimi nataka kulala hapa."

Nikamwambia mume wangu. Aliangalia juu, akaendelea kutafuna, akasema feni zote hucheza. Huyo mwanaume ukimwambia nyumba inaungua atauliza kama chai imebaki.

Siku moja nilirudi kutoka kununua sukuma wiki nikakuta unga kwenye kope za mtoto. Nikambeba. Mama mkwe akaniambia nimrudishe, ati wasichana wakimaliza fomu foo wanajiona mainjinia.

Nikamwita shosho, yaani bibi: "Shosho, kama huyu ni wewe, basi lala wewe."

Alicheka. Halafu, kwa kiburi, akalala, kitambaa kichwani, slipa miguuni. Nikazungusha swichi. Moja. Mbili. Tatu. Alikuwa ananiangalia mimi, si feni. Nne. Hapo akaanza kuangalia juu. Sitadanganya kwamba nilimwogopea. Nilikuwa nangoja.

Kwa tano, kile kikombe kinachofunika ndoano kiliteleza, kikagonga mota, na feni yote ikapiga kelele kama posho mill ya kusaga mahindi. Alijiviringisha akaanguka sakafuni kwa magoti. Kitambaa kikamtoka. Sikuwa nimewahi kuona mvi zake.

"Zima," akasema.

"Nani alale hapo?"

"Zima, mama."

Tangu niolewe hakuwa ameniita mama. Nikangoja kidogo tena, ndio nikazima.

Kesho yake nikaita fundi wa stima, wa kweli, si yule binamu yao wa spika za kanisani aliyeifunga. Alizima meni swichi ya nyumba nzima kwanza, akapanda ngazi. Ndoano ilikuwa imeshikwa na skrubu mbili kwenye silingi bodi tu, ile unaweza kutoboa na kidole. Mbao ya paa ilikuwa hapo karibu, haijaguswa. Akapima kwa kijiti kutoka dari hadi ncha ya kila bawa. Moja lilikuwa limeshuka vidole viwili. Nepi.

Alituambia feni huyumba mabawa yakikosa kulingana, au kinachoishika kikilegea, na ikishaanza kuyumba inajifungua yenyewe, skrubu kwa skrubu. Bolti ya bomba linaloininginiza feni haikuwa hata na pini ya kuizuia kutoka. Alikataa kunyoosha lile bawa. Akaagiza mabawa mapya, yote pamoja, ya uzito mmoja. Yalipofika akaifunga feni kwenye mbao kwa bolti, akaweka pini, akaongeza waya wa chuma wa kuidaka ikianguka. Akaiwasha saa nzima bila mtu chini yake. Ikatulia kabisa.

Mama mkwe akasema, mbele ya fundi, kwamba sasa mtoto arudishwe mahali pake.

Nikasema hapana. Fundi akaanza kupanga vyombo vyake haraka haraka. Mume wangu akauliza, kwani feni si imetengenezwa? Nikamwambia ndiyo, iliyotengenezwa ni feni tu.

Mtoto sasa analala chumbani kwangu mchana na usiku, chini ya balbu tu. Mama mkwe huja mlangoni, anabisha, anauliza kama mtoto ameamka. Siku zingine nafungua. Siku zingine namwacha asimame hapo nje, amsikie akicheka.