Nyanya za shangazi zimeliwa na kuku

Nsemulwa nzima hakuna mwenye mkono wa bahati kama mimi. Nikigusa mche, unazaa!

Nilimwahidi shangazi yangu wa Kasokola kikapu cha nyanya.
Akanionya kwenye simu: "Mwanangu, zikianza kugeuka rangi tu, chuma. Zifukie kwenye gunia la mpunga, zitaivia humo."
Nikamjibu, "Shangazi, mimi nimekaa Dar. Nyanya inaivia kwenye mche!"

Leo kaja na kikapu chake.
Nampeleka bustanini kwa madaha.
Kuku wamedonoa nyekundu zote. ZOTE, nyie!

Shangazi kaniangalia: "Kumbe uliwaahidi na kuku?"

Haya, chekeni.
Na huo mkono wa bahati ni uongo. Mke wangu ndiye aliyepanda na kumwagilia.
Mimi niliachiwa kuchuma tu.