Kamba Yenye Mafundo Mawili

Admin, nifiche jina, ila umri usiufiche, maana mvi zenyewe hazifichiki. Nina miaka hamsini na mbili, ninatibu ng'ombe huku Mabawe, Ngara. Watu huniita daktari, ingawa cheti changu ni cha mifugo na wagonjwa wangu hawajawahi kulalamika. Kwetu asili ni Nyarubungo, Biharamulo, wazazi walihamia pale na ng'ombe kutoka Shinyanga. Mke wangu ni Mhangaza wa Keza. Ndiye aliyenifundisha kula ndizi, na tumbo hili ni kazi ya mikono yake.

Nina pikipiki moja ndefu, zile za tairi zenye meno zilizokuwa za miradi. Ni nzuri kwa njia zetu, ila kwa mtu mfupi kama mimi kuipanda ni kama kupanda dume la ng'ombe asiyekufahamu. Nilikuwa naangukaanguka. Mke wangu akasema, "Baba watoto, kaweke bampa, kabla hujaniachia wajukuu na madeni ya chanjo."

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, anayetengeneza vyuma hivyo vya kukinga miguu na injini pikipiki ikianguka. Ni mtu wa rika langu, wazazi wake walitoka Burundi, ana maneno machache na mkono mzuri. Akanionyesha la kwanza, jembamba, la kufunga kwa bolti. Nikaliona kama miwani ya mtoto. Nikamwambia nataka la bomba nene, pana, mkungu wa ndizi ukae kila upande. Ukweli ni kwamba kila tukienda ukweni Keza, mama mkwe anatupa mikungu, na mimi nilikuwa nimechoka kuiacha.

Fundi akatikisa kichwa. "Daktari, bampa ni la kuangukia, si la kubebea. Lisizidi upana wa usukani. Njia za huko ni mifereji, litashika ukingo."

Nikamjibu, "Wewe choma chuma, ndizi niachie mimi."

Akachoma. Pale kwake kuna sakafu ya saruji, tambarare. Nikakaa juu nikapima kwa kamba, nikajiona bwana harusi.

Mwezi wa pili tukawa tunatoka ukweni, asubuhi, mikungu miwili mbele, mama watoto nyuma. Kuna mahali njia imechimbwa na mvua mpaka kingo zinafika magotini. Bibi mmoja mwenye jembe akapanda ukingoni kutupisha. Nikasogea upande wa pili, ncha ya bampa ikaingia kwenye udongo. Usukani ukageuka wenyewe. Tukalala.

Bampa lilifanya kazi yake. Mbele pikipiki haikunigusa, injini haikupata mkwaruzo, hata ndizi hazikuchubuka. Nyuma ndiko ilikomlalia mke wangu, gotini. Alikaa hospitali miezi miwili. Mguu ule haukunjiki tena. Mwanamke aliyekuwa ananiacha nyuma kwenye palizi, sasa anamenya ndizi akiwa amekaa kwenye kiti, mguu umenyooka mbele kama mti.

Sikumwambia kilichotuangusha. Nilisema ni utelezi.

Jumapili ya kwanza aliyorudi kanisani akaomba kutoa ushuhuda. Akasimama na magongo yake. "Mungu alimtumia mume wangu kuweka chuma kile. Bila chuma kile tungezikwa siku moja." Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, ndugu zangu. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Baada ya hapo wanaume wakaanza kuja nyumbani na kamba. Wanapima bampa la ushuhuda, wanapeleka kipimo kwa fundi. Juzi fundi mwenyewe akanifuata zizini. "Daktari, nimeshachoma saba. Nikiwaambia wapunguze, wananiuliza kama najua kuliko mama aliyesimama madhabahuni. Wewe ndiye wa kusema." Nikamwambia nitasema. Akaondoka.

Kweli nilijaribu. Jioni nikamuuliza mke wangu, kwa mzaha mzaha, je, ikiwa chuma kile hakikutuokoa? Akaacha kumenya. Akaushika mguu wake. "Usiniambie hivyo. Nikijua mguu huu ulikuwa bei ya uhai wako, nauvumilia. Nikijua ulivunjika bure, sitaweza kukaa nao. Wala na wewe." Nikacheka, nikasema nilikuwa natania. Mimi na utani wangu.

Jana akaja shemeji yangu, mdogo wake wa mwisho, bodaboda wa huko Keza. Mke wake ni mjamzito, na anambeba kwenda kliniki kwa njia ileile. Dada mtu ndiye aliyemwita aje apime. Nikamwambia, "Shemeji, chukua jembamba la bolti, linatosha." Akacheka, "Unataka uwe na bampa peke yako Ngara nzima?"

Wakapima uani. Mke wangu alishika ncha moja ya kamba akiwa kwenye kiti, akafunga fundo kila upande. "Ongeza kidogo," anasema, "mkungu ukae vizuri." Alikuwa anacheka. Tangu hospitali sijamsikia akicheka vile. Kisha akanigeukia, "Baba watoto, hapa sawa?"

Nikasema, "Hapo hapo."

Kamba imening'inia dirishani, Jumamosi inaenda kwa fundi. Nimewaza kuikata kidogo, lakini mafundo ni ya mkono wake, atajua. Na hata nikiikata, wale saba wako barabarani.

Nikisema, namvunja mara ya pili. Nikinyamaza, kuna mjamzito atakayepita pale kwenye ukingo. Msinionee huruma, sikuiomba. Nishaurini tu nianze na neno gani, maana kila nikifungua mdomo unatoka utani.