Zamu Yangu Kwenye Darubini

Ndugu wa marehemu mume wangu walipokaa kugawa vitu vyake, waliniuliza mimi kwanza nabaki na nini. Nilichukua baiskeli na koti. Darubini nikasema apewe yule mwalimu wa kike aliyekuwa akitazama nyota pamoja naye. Wakanisifu kwa moyo mkubwa. Haukuwa moyo mkubwa. Niliichukia ile darubini kwa sababu ilichukua jioni zake. Kila aliponiita twende wote, nilisema nina vyombo vya kuosha.

Mwezi wa tisa nikaenda mwenyewe. Nilitaka kuiona Zohali, sayari aliyokuwa akinisimulia kila aliporudi nyumbani.

Uwanjani walikozoea kutazama nyota nilimkuta mwalimu na mzee mmoja mstaafu wa reli, mwenye darubini yake ndogo. Watu walikuwa wakichoma misitu, na moshi ulikuwa umetanda kutoka upande wa Sikonge.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mzee, umepata nini?" mwalimu akamtania.

"Nimepata moshi. Ninao mwingi, nikupunguzie?"

Wakacheka. Mwalimu alisema wiki nzima hajaiona Zohali. Akainama, akazungusha kifundo cha darubini bila kukiangalia, kama mtu anayewasha taa chumbani kwake. Wivu ukanipanda.

"Wewe kwanza, Mama, kabla haijafunikwa. Usilishike bomba la darubini. Tafuta kitu chenye masikio. Marehemu alikuwa anayaita hivyo, masikio."

Kwangu mimi mume wangu alisema pete.

Nikaweka jicho. Ilikuwapo, ndogo, ya manjano, inatetemeka, na masikio yake mawili.

"Umeiona?"

"Bado."

Akalisogeza bomba kidogo. "Sasa je?"

"Bado," nikasema.

Nilikuwa naiona vizuri. Lakini ningeondoka, angeinama yeye. Nikabaki pale, mgongo ukiniuma, mpaka ikafifia ikawa doa, kisha hata doa likapotea.

Ndipo nikampisha. Alitafuta kwa muda mrefu.

"Imekwenda," akasema. Akanishika mkono. "Pole sana, Mama. Umekuja kote huku usione kitu. Kesho nakuletea darubini nyumbani, ukae nayo mpaka uione."

Ningeweza kumwambia ukweli pale pale. Mzee alikuwa ameshaanza kukunja miguu ya darubini yake, na giza lilinificha uso. Nikasema asante.

Kesho yake alikuja nayo, ameifunga kwa kanga ili isipate vumbi. Nikaipokea.